Majibu yametoka una VVU: mwenzio umwambie mwenyewe, muende pamoja, au kliniki imwite?

Ukishaambiwa una VVU mnasihi anakueleza mambo mengi siku ile ile, na mengi yanapotea kichwani kabla hujafika kituo cha daladala. Dawa utazikumbuka maana umepewa mkononi, tarehe ya kurudi imeandikwa kwenye kadi. Kinachokukosesha usingizi ni kimoja, huyu mwenzangu namwambiaje, na nikimwambia itakuwaje, na nisipomwambia je.

Zipo njia nne zinazotumika kwenye unasihi, ila wengi wanaotoka pale wanadhani ipo moja tu, ya kwenda nyumbani ukajitose mwenyewe. Mie nimefanya kazi hii Unguja na muda mwengine Pemba, na kila njia nimeiona ikimfaa mtu na ikimuharibia mwengine. Kwa hivo soma zote nne uone ipi inakaa na nyumba yako. Na zote ni kwa hiari, hata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 kuhusu kuwafikia wenza unalisema hilo wazi, hakuna wa kukuburuta.

Yasiobadilika njia yoyote ukishika

Dawa unaanza, mara nyingi siku ile ile au wiki hiyo hiyo, habari ya kusubiri CD4, yaani chembe za kinga ya mwili, zishuke Tanzania iliachana nayo tangu 2016. Kwa watu wazima wengi ni kidonge kimoja kwa siku chenye dolutegravir ndani. Ukimeza bila kuruka, virusi vinashuka hadi kipimo hakivioni, na mtu aliefika hapo hamuambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Haya si maneno ya kupozana. Utafiti wa PARTNER uliofanywa Ulaya, matokeo yake yakatoka 2016 na 2019, ulifuata mamia ya wenza ambao mmoja ana virusi na mwengine hana na kondomu hawatumii, na hakuonekana hata mmoja alieambukizwa na mwenza wake ambae virusi vyake vimeshuka. Kabla ya hapo, 2011, utafiti wa HPTN 052 ulionesha kuanza dawa mapema kunapunguza maambukizi baina ya wenza kwa asilimia 96.

Lakini wewe leo hujafika huko. Kipimo cha mwanzo cha wingi wa virusi kwa kawaida kinachukuliwa baada ya miezi sita ya dawa, na mpaka majibu yale yatoke yakiwa mazuri ni kondomu kila mara. Na hapa ndipo mtu anaponasa, maana mke wa ndoa miaka minane atamwambia nini mumewe, kwamba kuanzia wiki hii tutumie kondomu, sababu? Ukishaamua kunyamaza na kondomu nayo haisemeki tena, na miezi ile ya mwanzo ndio ile ambayo virusi bado vipo vingi.

La tatu ni masaa 72. Kama mumelala pamoja ndani ya muda huo na yeye akapimwa akakutwa hana, zipo dawa za PEP za siku 28 zinazoweza kumkinga, ikipita siku ya tatu nafasi hiyo imekwenda. Kwa hivo ukiwa bado upo kwenye kiti pale sema kweli mara ya mwisho ilikuwa lini, usione haya, mnasihi kashasikia makubwa kuliko hayo.

Halafu hili, nalirudia kila siku na kila siku naulizwa tena: kipimo hakisemi nani kaanza. Mistari miwili inasema virusi vipo, basi, haisemi vimeingia mwaka gani wala vimeletwa na nani. Aliegundulika mwanzo ni yule aliepima mwanzo tu, na wanawake wanapimwa mwanzo kwa sababu ya kliniki ya mimba, ndio maana nyumba nyingi lawama inaanzia kwa mwanamke kabla mume hajatoboa hata kidole. Na inawezekana kabisa mwenzio hana. Wenza wa miaka mingi mmoja anacho mmoja hana wapo, tena si wachache.

Vigezo

Nalinganisha kwa mambo matano. Usalama wako, yaani kupigwa, kutolewa nje usiku, kunyang'anywa watoto, talaka tatu za hasira. Siri, kwa vile Zanzibar ni ndogo na VVU kwetu viko chini ya asilimia 1, watu wachache kiasi hicho wanajulikana haraka. Haraka, maana yake muda gani utapita mpaka mwenzio akae kwenye kiti akapimwe. Maswali, nani atayajibu. Na maisha ya baadae, dawa utazimeza wazi au kwa kujificha.

Kwangu mie usalama unatangulia vyote halafu haraka. Siri watu wengi wanaiweka namba moja, nawaelewa, ila nimeona siri ikimchelewesha mtu mpaka yule aliekuwa hana akawa nacho.

Njia ya kwanza: unamwambia mwenyewe, nyumbani

Usalama hapa unategemea moja kwa moja mtu ulie nae, kwa sababu chumbani hakuna wa tatu. Mnasihi mzuri atakuuliza kabla hujaondoka, keshawahi kukupiga, keshawahi kukutisha, keshawahi kukulazimisha. Ukijibu ndio hata moja basi njia hii iweke pembeni kwa sasa. Usijipe moyo kwamba safari hii atakuwa na huruma kwa sababu ni ugonjwa.

Kwa siri ndio yenye nguvu kuliko zote, anajua yeye tu na wewe tu, hakuna benchi wala foleni. Angalia sehemu lakini. Chumba na ukumbi wa kupanga sauti inapita juu ya ukuta, na jirani anaesikia "umeutoa wapi" hahitaji kusikia zaidi. Wengine wamekwenda kuzungumza Forodhani kwenye upepo na kelele za watu na ikawa nzuri tu. Kwa voisi ya WhatsApp usithubutu, nakwambia, voisi haina mwenyewe, leo iko kwake kesho iko kwa wifi yako keshokutwa iko gurupu la ukoo.

Haraka, kwenye karatasi ndio ya haraka, ungeweza kusema leo usiku. Kwa vitendo ndio inayochelewa kuliko zote. Ngoja Ramadhani iishe, ngoja arudi dago, kule kambi ya uvuvi, ngoja arusi ya mdogo wake ipite, ngoja karafuu ziuzwe, na kila ngoja ina sababu ya kweli ndani yake, ndio inavokuwa ngumu kuikataa. Kama unaichukua njia hii jipangie siku na mwambie mnasihi siku hiyo, hata kama si kwa mkataba.

Maswali yote ni yako peke yako, na wewe mwenyewe umeshika nusu tu ya ulioelezwa. Swali la mwanzo karibu kila nyumba ni lile lile la umeutoa wapi. Usiingie bila jibu. Mazungumzo yaliyonyooka yanakuwa mafupi, kitu kama hivi:

"Baba Asha, kaa kidogo, nna jambo. Nimepima, nimekutwa nna virusi vya Ukimwi. Dawa nishaanza."

"Umeutoa wapi?"

"Sijui, na kipimo hakisemi nani kaanza. Inawezekana wee huna. Nataka kesho tuende ukapime, na mpaka hapo tutumie kondomu."

Basi. Kapewa habari, kapewa kazi ya kufanya, hajapewa kesi ya kuhukumu. Ukianza kwa hadithi ndefu ya miaka mitano nyuma, yeye atakuwa anatafuta jina la mtu muda wote huo na hatosikia habari ya kupima.

Maisha ya baadae, ikienda vizuri hakuna njia inayoishinda hii. Kichupa kinakaa juu ya kabati, hukifichi. Wale wanaoficha utawajua, vidonge vinachachatika kwenye mkoba ukitembea, kwa hivo wanajaza pamba ndani ya kichupa au wanavifunga kwenye karatasi, halafu siku mumewe hatoki nyumbani kidonge kinarukwa, na kurukwa kwa kidonge ndiko kunakorudisha virusi juu. Anaejua ndie anaekukumbusha, hata mwezi wa Ramadhani anakuuliza umemeza baada ya futari au unangoja daku.

Inamfaa mtu ambae nyumbani mnaongea, hakuna historia ya ngumi, na mwenyewe anajijua kwamba akipanga siku haiahirishi.

Njia ya pili: munakwenda pamoja, mnasihi anakuwepo

Hapa unamleta mwenzio, na habari inasemwa mbele ya mnasihi, na wewe au na yeye au kwa kusaidiana, mutakavyokubaliana kabla. Wengine wanapendelea awepo mtu anaeishi na VVU mwenyewe badala ya mnasihi peke yake, na hilo linawezekana, ZAPHA+ ni jumuiya ya watu hao hapa Zanzibar na kazi ya kumshika mgeni mkono wanaijua. Mwanamme aliekuwa anataka kuanguka anamuona mwenziwe kakaa mbele yake, mnene, ana watoto wamesalimika, anatulia kuliko kwa mihadhara yangu yote.

Maswali ndipo njia hii inapozishinda nyengine. "Umeutoa wapi" inajibiwa na mtu ambae si mke wala mume, na jibu lile lile ulilolisema wewe jana likaitwa uongo leo likisemwa na mnasihi linaitwa elimu. Inaudhi lakini ndio ilivyo. Na haraka pia, akishakaa tu anapimwa hapo hapo, majibu muda si mrefu, kama hana anaelezwa kuhusu kurudia kipimo baada ya miezi mitatu kwa sababu maambukizi ya siku za karibuni yanaweza yasionekane, na anaelezwa kuhusu dawa za PrEP za kumkinga wakati virusi vyako bado havijashuka.

Tatizo ni kumfikisha. Mwanamme wa kwetu ukimwambia twende tukapime anakujibu majibu yako ndio yangu, nenda wee ukirudi tutajua. Si kweli, majibu yako ni yako, nishasema hapo juu. Kliniki ya mimba inasaidia, maana waume wanaitwa kule na hakuna anaeshtuka akiona mtu na mkewe mjamzito.

Sasa kuna mchezo mmoja unafanywa sana na mie siupendi. Mtu keshapima, keshaanza dawa, anamuomba mnasihi ajifanye hamjui, waje wawili wapimwe kama wote ni wapya, majibu yatoke pamoja na yeye ashtuke kama wengine. Naelewa unamuondolea fedheha. Lakini kadi yako ina tarehe, na siku mwenzio atakapoishika, na ataishika, ataona ulijua kabla, na hapo itakayovunjika ni imani, ugonjwa keshausamehe. Halafu dawa zikishaingia mwilini kipimo cha haraka kinaweza kutoa mstari hafifu au kikavuruga majibu. Afadhali useme mlangoni kabla hamjaingia: mie nishapima, ningependa uambiwe na mtu anaejua kueleza.

Siri inapungua. Munaonekana wawili kwenye benchi moja, na mahala kama Wete au Micheweni watu wanajua mlango upi ni wa nini na siku ipi. Hakuna sheria ya kupima karibu na kwako. Watu wanatoka Mkoani wanakwenda Chake Chake, wa shamba Unguja wanakuja hospitali ya Mnazi Mmoja ambako hakuna anaemtazama mtu, gharama ni nauli na siku nzima ya kazi.

Usalama ni wa pale chumbani. Zile dakika za mwanzo ambazo mtu anaweza kunyanyua mkono zinapita mbele ya mtu wa tatu na hilo si dogo, lakini jioni munarudi nyumba moja, mnasihi harudi na nyie. Na maisha ya baadae ni mazuri karibu sawa na njia ya kwanza, pengine mazuri zaidi kwa vile wote wawili mumesikia maneno mamoja.

Inawafaa wanaoaminiana kiasi lakini mmoja hajui kuanza, na wale ambao mwenzao ni mbishi na anamuheshimu mtu wa hospitali.

Njia ya tatu: unapewa siku

Hii ndio isiyojulikana, na kwangu ndio inayofaa kutumika zaidi kuliko inavyotumika. Munakubaliana na mnasihi muda, tuseme wiki mbili au mwezi, ndani yake wewe utamwambia na atakuja kupima. Ukipita hajaja, kliniki inamtafuta yeye kwa namna munayokubaliana leo.

Faida yake ni kwamba ile ngoja ngoja ina mwisho. Mtu anaejua tarehe fulani simu itapigwa anapata nguvu ya kusema tarehe moja kabla. Kuna wanawake wamenambia bila ya tarehe wangefika mwaka.

Usalama, unabaki na usukani wiki zile zote, na kama katikati umeona hali mbaya unarudi kusema simameni msipige, tubadilishe. Hilo liulize mapema, kwamba una haki ya kubadilisha. Siri ni kama njia ya kwanza ukisema mwenyewe, na kama ya nne usiposema. Haraka ni ya wastani, na wakati munangoja kondomu inabaki palepale na ile hesabu ya masaa 72 inakupita, kwa hivo kama kuna uwezekano wa PEP njia hii haifai kabisa, nenda ya pili au ya nne leo. Maswali, unaweza kurudi kwa mnasihi mara ngapi sijui ukafanye mazoezi ya kusema, yes mazoezi, yeye anakuwa mumeo wewe unakuwa wewe, inachekesha dakika mbili halafu inasaidia.

Inamfaa anaetaka kusema mwenyewe lakini anajijua kwamba ni mtu wa kesho.

Njia ya nne: kliniki wanamwita bila kukutaja

Mtoa huduma anapiga simu au anamfata, anajitambulisha, anamwambia kuna jambo la afya yako tungependa uje upimwe, kuna uwezekano umekutana na maambukizi. Nani kasema, hasemi. Lini, hasemi. Akibanwa vipi hasemi.

Kwa haraka ni nzuri sana, hata mtu asiekuwa na ujasiri wowote mwenzake anafikiwa wiki ile ile. Kwa wenza waliokwisha kuachana ndio njia yenyewe hasa, na huku kwetu kuoa na kuachana na kuoa tena si jambo geni, mtalaka wako wa mwaka juzi sasa hivi yuko kwenye nyumba ya mtu mwengine, kumpigia wewe ni kuleta fitina mbili kwa simu moja.

Ila kuhusu siri nisikudanganye. Kama yeye katika maisha yake ana mke mmoja tu na hajatoka nje, akipigiwa simu atajua ni wewe kabla hajakata. Kutotajwa jina kunamkinga mtu ambae mwenzake ana zaidi ya mmoja wa kumfikiria. Sasa fikiria na hili, mume wa wake wawili akiitwa, hajui ni bi mkubwa au bi mdogo, na anaweza kwenda kumlaumu yule ambae hata kupima hajapima. Mnasihi aelezwe nyumba ilivyo kabla hajashika simu.

Usalama kwa hivo una sura mbili, kwa wa zamani ni salama zaidi ya zote, kwa mume mmoja wa ndani mkali inaweza kuwa hatari kama ya kwanza, na mbaya zaidi hujui saa ngapi kaambiwa. Maswali yanajibiwa vizuri na mtu wa kazi. Maisha ya baadae ndio udhaifu wake, yeye kapima, wewe unaficha vidonge, kila mmoja anajua na hakuna aliesema, nyumba ya hivo naijua ilivyo na sina hamu ya kuielezea.

Na vile vipimo vya kujipimia?

Wengi wanauliza, nikampelekee kile cha mate ajipimie nyumbani? Kinasaidia kwa mtu asiependa kukaa foleni, ila kikionesha kitu lazima akathibitishe kituoni, na hakimwambii chochote kuhusu wewe. Kukiacha mezani tu ukitegemea ataelewa, hapana.

Kwa hali yako

Ni mjamzito umegundulika kliniki ya mimba. Njia ya pili, kwa barua ya wito au kwa maneno. Bila dawa mtoto ana uwezekano wa asilimia 15 hadi 45 wa kuambukizwa, kwa dawa za mama na mtoto zikitumika sawasawa unashuka chini ya asilimia 5, na dawa za mtoto mchanga utampa vipi kila siku kwenye nyumba ya mama mkwe ambako kila mtu anauliza hii ya nini? Angalau mume ajue. Kunyonyesha unanyonyesha ukiwa kwenye dawa, hilo nalo mume akilijua anakukinga na maneno ya watu. Wazee wetu wengi picha walionayo ni ya miaka ile baada ya 1986, wagonjwa wa mwanzo walipojulikana Zanzibar na dawa hakuna, usiwalaumu wakishtuka, lakini si lazima wao waambiwe.

Wewe ni mume na una wake wawili. Usimwambie mmoja wiki hii mwengine mwezi ujao, yule wa pili atachukulia alifichwa makusudi na kesi itahama kutoka kwenye afya kwenda kwenye uadilifu wa zamu. Chukua ya pili kwa kila mmoja, siku zilizo karibu, ikiwezekana kituo hicho hicho lakini kila mmoja na nafasi yake. Wasiwekwe chumba kimoja labda watake wenyewe.

Unaogopa kupigwa. Usiseme nyumbani. Anza na mnasihi peke yako, na kama kipigo kipo tayari kuna vituo vya Mkono kwa Mkono, Mnazi Mmoja na Chake Chake vipo, ambako daktari, polisi na ushauri unavikuta sehemu moja. Kliniki inaweza kungoja kumwita mwenzio mpaka wewe uwe kwa wazazi au kwa ami yako. Wakati huo dawa zako ndio ngao, chagua sehemu ya kuziweka nje ya nyumba, kazini au kwa mtu mmoja unaemuamini.

Uhusiano wenyewe hautakiwi kujulikana, wa nje ya ndoa, au wa wanaume wawili, au ni wateja. Ya nne. Toa namba za simu unazozijua, hata jina la utani, mnasihi hakuulizi kwa ajili ya kukuhukumu na akikuhukumu omba mwengine.

Wachumba, arusi imekaribia na mumeambiwa mukapime. Hapa ipo nafasi ambayo walio ndani ya ndoa hawana, mwenzio bado anaweza kuamua. Ya pili, na kabla ya mahari kutoka, si baada. Wapo walioachana, wapo waliofunga ndoa wakijua na wakasubiri virusi vishuke ndio wakatafuta mtoto. Shangazi na somo hawahitajiki kwenye kikao hicho.

Mwenzio yuko dago au ng'ambo ya pili, wewe Unguja yeye Pemba. Usiseme kwa simu ukamuacha na usiku mzima peke yake kwenye kambi ya wavuvi. Ya tatu inafaa, siku iwekwe kwa hesabu ya atakaporudi, au ya nne ikipitia kituo cha huko huko aliko, vituo vinawasiliana. Ulizia tu kituo kipi kiko karibu na diko lao na kinafungua siku gani, na hakikisha namba uliyoandikisha ni ile ya laini inayoshika mtandao kule.